Jela ya Shirika na Kazi ya Wafungwa

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitazama, nalo ni jela. Mji hujivunia shule yake, soko lake na barabara zake, lakini ni nadra kusikia mji ukijivunia jela. Hata hivyo jela ni mali ya raia wote. Imejengwa kwa kodi zao, na wanaokaa ndani yake ni watoto wao na jirani zao. Katika nchi ya Marekani watu wa wilaya za mashambani wamehangaika kwa muda mrefu na swali hili: wilaya iliyo na watu wachache na fedha kidogo itafanyaje ipate jela iliyo salama, na wafungwa wake watapewa kazi gani? Majibu yao mengine yamefaa na mengine yameleta hasara. Yote yafaa kuchunguzwa.

Kwanza yatupasa kuyajua maneno. Marekani ni muungano wa majimbo 50, na karibu kila jimbo limegawanywa katika wilaya ziitwazo kaunti. Aghalabu watu wa kaunti humchagua kwa kura mkuu wa polisi wao, aitwaye sherifu, na yeye ndiye mtunzaji wa jela. Jela ya kaunti si sawa na gereza kuu la jimbo. Katika gereza kuu huwekwa watu waliokwisha kuhukumiwa vifungo virefu. Katika jela ya kaunti hukaa watu wa namna mbili. Namna ya kwanza ni mahabusu, yaani watu waliokamatwa wakingojea kesi zao, ambao hakimu hajasema kwamba wana hatia. Namna ya pili ni wafungwa wa vifungo vifupi, mara nyingi visivyozidi mwaka mmoja. Katika Marekani mahabusu ni zaidi ya nusu ya watu wote walio katika jela za namna hii. Neno hili lishikwe vizuri, maana tutalirudia tutakapofika kwenye habari ya kazi.

Sasa tutazame kwa nini jela ndogo ni mzigo mzito. Mtu aweza kudhani kwamba jela yenye watu kumi itagharimu sehemu moja katika tano ya jela yenye watu hamsini. Sivyo hata kidogo. Jela haifungwi usiku kama duka. Mahali pamoja pa zamu panahitaji askari saa 24 kwa siku, siku 7 kwa juma. Ndizo saa 168. Askari mmoja akifanya kazi saa 40 kwa juma, basi mahali hapo pamoja panahitaji askari wanne na zaidi. Ukiongeza siku za likizo, za ugonjwa na za mafunzo, utaona kwamba hawapungui watano. Askari hao watano huhitajiwa wawe wanalinda watu hamsini au wanalinda mtu mmoja. Tena wanawake hawawezi kuchanganywa na wanaume, wala vijana na watu wazima, wala mgonjwa wa akili na mtu mkorofi. Kila kundi lataka chumba chake na jicho la kulitazama. Kaunti maskini ikishindwa kulipa, hupunguza askari wa usiku, na hapo ndipo mtu hujinyonga, au hupigwa na wenzake, au moto hutokea pasiwe na mtu wa kufungua mlango.

Pana hesabu nyingine, nayo ni ya vitanda. Tuseme kaunti moja huwa na watu wanane jelani usiku wa kawaida, lakini siku za sikukuu hupata kumi na sita. Hiyo haina budi kujenga vitanda 16, na nusu yake hukaa vitupu karibu mwaka mzima. Kaunti tano za namna hiyo zitajenga vitanda 80 kwa ajili ya watu 40. Lakini si desturi kaunti zote tano kujaa usiku mmoja. Zikishirikiana, huenda vitanda 60 vikatosha, maana kaunti moja ikijaa nyingine ina nafasi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hii ndiyo asili ya jela ya shirika, yaani jela moja itumiwayo na kaunti nyingi. Twataka kutoa mifano miwili ya kweli. Wa kwanza ni wa jimbo la Ohio. Mwaka 1990 ilifunguliwa jela ya namna hiyo mahali paitwapo Stryker, upande wa kaskazini magharibi wa jimbo hilo, kwa ajili ya kaunti tano za Defiance, Fulton, Henry, Lucas na Williams, pamoja na mji wa Toledo. Sheria ya jimbo hilo huagiza kwamba jela ya shirika isimamiwe na baraza, na katika baraza hilo kila kaunti iwe na sherifu wake, hakimu wake na mkuu wa halmashauri yake. Agizo hili lina busara. Sherifu ndiye akamataye, hakimu ndiye apelekaye watu jelani na awatoaye, na halmashauri ndiyo ilipayo. Watu hawa watatu wasipokaa meza moja, kila mmoja humsingizia mwenziwe jela inapojaa.

Mfano wa pili ni wa jimbo la West Virginia, nchi ya milima na machimbo ya makaa ya mawe, yenye kaunti 55. Hapo zamani karibu kila kaunti ilikuwa na jela yake, na nyingi katika hizo zilikuwa kuukuu na za hatari. Mwaka 1985 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kujenga jela za shirika. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1989 katika mji wa Martinsburg, na mpaka mwaka 2005 zilikuwa zimetimia kumi. Jela za zamani za kaunti zikafungwa. Majengo mapya yalikuwa na vyumba bora, na askari waliofunzwa kwa kanuni moja. Tangu mwaka 2018 jela hizo na magereza makuu ya jimbo yamewekwa chini ya idara moja.

Lakini isidhaniwe kwamba shida zilikwisha. Kaunti zilitakiwa kulipa kwa kila mtu kwa kila siku aliyokaa, na kwa miaka mingi bei ilikuwa dola 48 na senti 25. Machimbo yalipopungua, kodi zilipungua pia, lakini waliokamatwa hawakupungua. Kaunti kadhaa zikaingia katika deni kubwa. Mwaka 2023 sheria ilibadilishwa, ikawekwa bei ya ngazi: kaunti ikitumia siku chache katika kipimo chake hulipa bei ya chini, na ikipita kipimo hicho hulipa bei ya juu. Kusudi lake ni kuifanya kila kaunti ijiulize kabla ya kumpeleka mtu jelani. Shida nyingine ilikuwa ya askari. Mishahara ilikuwa midogo na kazi ngumu, wengi wakaacha, hata mwezi wa Agosti 2022 gavana wa jimbo akatangaza hali ya hatari, na askari wa akiba wa jimbo wakaletwa kusaidia zamu za jela. Basi kuta mpya peke yake si ulinzi. Anayelinda ni mtu, na mtu asipolipwa vema huondoka.

Kutokana na mifano hii twaweza kutaja mambo manne ambayo hayana budi kufikiriwa kabla ya kuweka jiwe la msingi.

Jambo la kwanza ni kuhesabu kwa haki. Wajengao wengi huuliza, “Tuna watu wangapi jelani leo?” kisha huongeza kidogo na kujenga. Swali hilo halitoshi. Idadi ya watu jelani hutokana na mambo mawili: ni wangapi huingia, na kila mmoja hukaa siku ngapi. Wanafunzi na wachukue kalamu zao. Tuseme kwa mwaka huingia watu 600, na kila mmoja kwa kadiri hukaa siku 20. Zidisha, utapata siku 12,000. Gawanya kwa 365, utapata karibu watu 33 kila usiku. Sasa tuseme mahakimu na makarani wakazisikiliza kesi upesi zaidi, na kila mmoja akakaa siku 15 badala ya 20. Siku zitakuwa 9,000, na watu wa kila usiku watakuwa karibu 25. Vitanda vinane vimeokolewa pasipo kununua hata tofali moja. Kwa hiyo watu wenye akili huchunguza kwanza nani wanakaa sana na kwa sababu gani. Huenda ni maskini aliyekosa dhamana ndogo, au mgonjwa wa akili ambaye mahali pake ni hospitali, au mtu ambaye faili lake limesahauliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Jambo la pili ni mwendo. Jela ya shirika iko karibu na wengine na mbali na wengine. Tuseme ni maili 50 kutoka mahakama ya kaunti. Polisi hana budi kwenda maili 50 kumchukua mtu, na kurudi naye maili 50. Baada ya kesi humpeleka tena, kisha hurudi kwake. Ni maili 200 kwa kesi moja, na siku nzima ya polisi mmoja au wawili. Siku hizi mambo madogo husikilizwa kwa mitambo ya picha na sauti, hakimu akiwa mjini na mahabusu akiwa jelani, lakini shauri kubwa hulihitaji uso kwa uso. Zaidi ya hayo, mke asiye na gari atamwonaje mumewe? Mtu anayetembelewa na jamaa zake hukumbuka kwamba ana kwao. Basi gharama ya mwendo, na ya jamaa pia, iandikwe katika hesabu tangu mwanzo, wala isije ikagunduliwa baada ya jengo kwisha.

Jambo la tatu ni mkataba. Ni nani mwenye jengo? Kaunti moja ikitaka kutoka katika shirika, deni lake litalipwa na nani? Mgonjwa akipelekwa hospitali, gharama ni ya nani? Je, malipo yatakuwa kwa vitanda vilivyowekwa tayari, au kwa siku zilizotumika? Kila njia ina hatari yake. Kaunti ikilipa kwa vitanda iwe imevitumia au haikuvitumia, yaweza kuona kwamba ni hasara kuviacha vitupu. Na jela ikiishi kwa malipo ya siku tu, wasimamizi wake huanza kupenda ijae. Wengine wamejenga jela kubwa kupita haja yao, wakitumaini kukodisha nafasi kwa majimbo mengine au kwa serikali ya Marekani yote. Wageni wasipokuja, watu wa kaunti hubaki na deni. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; nasi twaongeza kwamba daftari hilo lisomwe mbele ya watu.

Jambo la nne ni kazi, nalo lataka maelezo marefu zaidi, maana hapa ndipo haki na dhuluma hukaa nyumba moja.

Mtu akikaa bure mchana kutwa katika chumba, mwili wake hudhoofika na moyo wake huharibika. Kwa hiyo ni vema wafungwa wawe na kazi. Lakini Marekani ina kumbukumbu mbaya ya kazi ya wafungwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, katiba ilipiga marufuku utumwa, isipokuwa uwe ni adhabu ya mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Mlango huo mdogo ukapitisha mambo makubwa. Katika majimbo ya kusini watu weusi wengi walikamatwa kwa makosa hafifu, hata kwa kutembea pasipo kazi, kisha serikali ikawakodisha kwa wenye machimbo, reli na mashamba. Mwenye kuwakodi hakuwa na sababu ya kuwatunza, kwa kuwa akifa mmoja aliletewa mwingine; na serikali ilipata fedha kwa kila aliyekamatwa. Alabama ndilo jimbo lililokawia kuliko yote kuiacha desturi hiyo, nayo iliachwa mwaka 1928. Katika miaka yetu hii majimbo kadhaa yameifuta ruhusa hiyo katika katiba zao wenyewe: Colorado mwaka 2018, Nebraska na Utah mwaka 2020, na mengine baadaye.

Isisemwe kwamba hatari hiyo ni ya zamani tu. Katika Louisiana, jimbo ambalo kwa muda mrefu limewaweka wafungwa wake wengi katika jela za masherifu na kulipa kwa siku, ilipitishwa mwaka 2017 sheria ya kupunguza vifungo. Sherifu mmoja alilalamika hadharani kwamba watakaoachiliwa ni wale wazuri, waoshao magari na kufanya kazi jikoni. Hebu tufikiri maana yake. Ikiwa mtu huzuiliwa kwa sababu ni hatari, huyu anayeaminiwa kutunza magari anazuiliwa kwa nini? Halmashauri ikizoea kufyekewa barabara bure, itaanza kuwatamani wafungwa kama mkulima atamanivyo mvua.

Upande wa pili pana mifano mizuri. Katika jimbo la Wisconsin ilipitishwa mwaka 1913 sheria iitwayo kwa jina la mbunge Huber. Kwa sheria hiyo mtu aliyefungwa katika jela ya kaunti kwa kosa dogo aliweza kutoka asubuhi kwenda kazini kwake kama watu wengine, na jioni kurudi jelani. Mshahara wake ulisaidia kuwalisha mkewe na watoto. Twaona hekima yake: adhabu ilibaki ni adhabu, lakini watoto hawakufungwa pamoja na baba yao, wala mtu hakutoka jelani akiwa amepoteza kazi. Kadhalika sheria ya Marekani ya mwaka 1979 imeruhusu bidhaa za viwanda vya wafungwa kuuzwa nje ya jimbo kwa masharti: mfungwa akubali mwenyewe, alipwe ujira usiopungua ule wa wafanyakazi huru wa mahali hapo, na makato yote yasizidi sehemu 80 katika 100.

Kazi pia iwe ni mlango wa kutokea. Huko California wafungwa wamezima moto wa misitu kwa miaka mingi, kazi ya hatari na ya ushujaa. Lakini wengi walipofunguliwa hawakuweza kuajiriwa kuwa wazima moto, kwa sababu ya hukumu iliyoandikwa juu yao. Ndipo mwaka 2020 jimbo likapitisha sheria ya kuwawezesha baadhi yao kuomba hukumu hizo zifutwe. Kumfundisha mtu kazi ambayo hataruhusiwa kuifanya ni kumpa ufunguo usio na kufuli.

Mataifa nayo yameweka kanuni. Mkataba wa mwaka 1930 juu ya kazi ya kulazimishwa, ambao Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia, ingawa Marekani haikuuridhia, husema kwamba aliyehukumiwa na mahakama aweza kutakiwa kufanya kazi, lakini chini ya ulinzi wa serikali, wala asikodishwe kwa mtu binafsi au kampuni. Na kanuni za Umoja wa Mataifa zilizoitwa kwa jina la Nelson Mandela, zilizokubaliwa mwaka 2015, zaagiza kwamba kazi ya gerezani isiwe ya kutesa, mfungwa asifanywe mtumwa, apate ujira wa haki, na akingwe na ajali kama mfanyakazi huru. Tena zasema kwamba mahabusu apewe nafasi ya kufanya kazi akipenda, lakini asilazimishwe. Na akifanya, alipwe. Hapa lile neno la mwanzo larudi. Kwa kuwa walio wengi katika jela za kaunti ni mahabusu, mpango wowote unaotegemea jasho la jela nzima umejengwa juu ya watu ambao hawajahukumiwa.

Basi mpango mwema wa kazi katika jela ya shirika huanza na usafi, jiko na bustani ya jela yenyewe, ili wafungwa wale mboga walizozilima. Kisha huja kazi za manufaa ya wote, kama kusafisha makaburi, kupanda miti na kutengeneza samani za shule. Na kila kaunti ipate zamu yake, isije ile yenye jela ikafaidi peke yake. Kazi ambayo mwanakijiji hulipwa kuifanya isitwaliwe kwa sababu mfungwa ni rahisi. Saa za kusoma, kuhesabu na kujifunza useremala, uashi au ufundi wa magari ziwe zimeandikwa katika ratiba kama saa za kazi. Siku za kazi njema zihesabiwe katika kupunguza kifungo, na ujira uandikwe katika daftari ambalo mfungwa mwenyewe aweza kulisoma. Afungukapo, awe na fedha kidogo mkononi na cheti cha kazi aliyojifunza, kwa kuwa mtu atokaye bila nauli hukopa au huiba kabla ya kufika kwao.

Wasikilizaji wetu waweza kuuliza, ni wakati gani wa kujua kwamba jela ya namna hii inafanya kazi yake? Si inapojaa, wala si inapoleta faida. Itazamwe hesabu yake kila mwaka mbele ya watu: ni mahabusu wangapi waliokaa kupita siku zilizowekwa, ni wangapi waliougua au kufa, ni askari wangapi walioacha kazi, ni wafungwa wangapi waliotoka na ufundi, na wangapi waliorudi tena. Kaunti itakayoweza kuyajibu maswali haya waziwazi itajua kama fedha zake zimenunua usalama au zimenunua kuta tu. Na ikiwa mwaka unaofuata vitanda vingine vitakuwa vitupu, halmashauri isihuzunike wala isitafute watu wa kuvijaza. Na ifunge sehemu hiyo ya jela, na fedha za zamu yake zipelekwe shuleni.